Los Jaivas: albamu ya kuanza nayo, na namna ya kuipiga ili isikike

Kama una nafasi ya albamu moja tu ya roki ya kisimfoni kutoka Amerika Kusini, chukua Alturas de Macchu Picchu ya bendi ya Los Jaivas wa Chile, ya mwaka 1981. Ina vipande 7 na dakika 37. Ila usiipige kama unavyopiga singeli. Ukiiwasha kwenye sabufa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho, kama zinavyopigwa hapa Mwanza kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia mngurumo, mtu anayeimba kwa mbali, na mluzi. Utaizima kabla ya dakika ya tano, na lawama utaitupia albamu wakati kosa liko kwenye spika. Ndiyo maana hapa spika zinatangulia nyimbo.

Sabufa nyingi za madukani mjini ni boksi moja kubwa lenye spika ya inchi 6 au 8, pamoja na visanduku viwili vidogo vyenye spika ya inchi 3 hivi. Visanduku hivyo huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 200. Boksi kubwa nalo limetengenezwa libebe zile za chini kabisa, hezi 120 au 150 kushuka. Katikati pana pengo. Muziki wa kisasa wa kucheza hauumizwi sana na pengo hilo, kwa sababu teke la besi liko chini yake na sauti ya mwimbaji iko juu yake. Los Jaivas wanaishi humohumo pengoni: mkono wa kushoto wa piano, kifua cha mwimbaji, tumbo la ngoma ya bombo, gitaa la besi linapoimba badala ya kupiga tu. Ukiongeza besi hulizibi pengo, unazidi kulifunika.

Rudisha kitufe cha besi mpaka theluthi au chini ya hapo. Treble iache katikati. Zima kila kitufe kinachoahidi besi ya ziada au sauti ya kuzunguka. Kisha ondoa vile visanduku vidogo juu ya boksi kubwa, mahali ambapo karibu kila nyumba huviweka, uvitenganishe kwa mita 1.5 hadi 2, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Wewe kaa umbali huohuo kutoka kila kimoja, iwe pembetatu yenye pande sawa. Boksi kubwa litoe kwenye kona, angalau nusu mita kutoka ukutani. Kona huongeza mngurumo hata kama hujagusa kitufe. Ukimaliza, piga dakika moja ya piano peke yake. Kama noti za chini zinasikika moja moja na unaweza kuzihesabu, umepatia. Kama zinashikana kama uji, punguza besi tena.

Spika moja ya Bluetooth, hata iwe ghali, ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa bendi hii. Nyingi huchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na hapo filimbi, charango (gitaa dogo la Andes) na vinanda vilivyopangwa pande mbili vinarundikana sehemu moja. Kuna sauti zitakazomezana na nyingine zitafifia. Afadhali visikizio vya masikioni vya waya vya bei ya kawaida kuliko spika hiyo. Kwenye gari au bajaji, epuka kile kidude cha kurusha muziki kwa FM kama redio ina tundu la AUX: FM hukata sauti za juu ya kilohezi 15 na kuongeza mchakacho, na mwanzo wa albamu hii ni mtulivu mno, kwa hiyo utausikia mchakacho kuliko muziki.

Jambo la flashi nalo lisemwe, maana ndilo linaloharibu albamu za namna hii mara nyingi. Mashine nyingi za bei nafuu hazifuati majina ya nyimbo. Hufuata mpangilio ambao mafaili yalinakiliwa kwenye flashi. Ukijaziwa nyimbo kwa kuburuta folda nzima, unaweza kukuta kipande cha mwisho kinapigwa cha kwanza. Albamu hii imejengwa kama safari ya kupanda mlima. Ukianzia kileleni haina maana. Futa flashi yote na uipange kwa mfumo wa FAT32, yape mafaili namba 01 hadi 07 mwanzoni mwa majina, kisha yanakili moja moja kwa kufuata namba. Pia zima kuchanganya nyimbo na kurudia. Mashine nyingine huweka ukimya wa sekunde moja au mbili kati ya faili na faili, na hilo haliondoki kwa kitufe chochote. Likikukera, tumia simu yenye programu inayopiga bila kukatisha, uiunganishe kwa waya.

Ukitafuta kwenye programu za kulipia, andika Macchu kwa c mbili. Ndivyo mshairi Pablo Neruda alivyoiandika kwenye shairi lake, na bendi ikafuata. Ukiandika kwa c moja, kama mji wenyewe unavyoandikwa kwenye ramani, unaweza kuletewa muziki wa kulalia wa filimbi za watalii. Ukipakua kwa kilobiti 320 kwa sekunde, albamu yote ni megabaiti 89 hivi. Kwa kilobiti 128 ni megabaiti 35 au 36, na hapo ndipo pa kuangalia. Pumzi ya filimbi za matete ina mchakacho mwembamba wa juu ambao faili lililobanwa huutafuna kwanza; unasikika kama maji yanayotokota kwenye sufuria badala ya pumzi ya mtu. Faili lisilopunguzwa kitu ni zaidi ya megabaiti 200, na kwa sabufa ya nyumbani tofauti yake na lile la 320 ni ndogo. Kwa hiyo usijitese na bando.

La mwisho kabla ya kuwasha ni sauti. Usiipange kwa kusikiliza mwanzo. Kipande cha kwanza ni upepo na filimbi, kimya karibu chote. Kila mtu huongeza sauti hapo ili asikie, halafu drams zikiingia kwenye kipande cha pili spika zinapasuka. Ruka mpaka katikati ya kipande cha pili, panga sauti hapo iwe kubwa ya kukutosha, kisha rudi mwanzo. Kama mwanzo hausikiki vizuri, tatizo ni kelele za nyumba. Funga dirisha la upande wa barabara, au subiri saa nne usiku bodaboda zipungue. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha.

Sasa bendi yenyewe. Ilianza mwaka 1963 Viña del Mar, mji wa pwani ya Chile. Watano wa mwanzo ni ndugu watatu, Eduardo, Claudio na Gabriel Parra, pamoja na Mario Mutis na Eduardo Alquinta, aliyeitwa na wote Gato, yaani Paka. Claudio ni piano, Eduardo ni vinanda vingine na midundo, Gabriel ni drams, Mutis ni gitaa la besi. Gato alipiga gitaa la solo, akapuliza filimbi na kuimba. Walianza kama bendi ya kupiga kwenye madansi kwa jina la Kiingereza, High & Bass. Walipoachana na nyimbo za kuiga, jina lenyewe wakalitamka Kihispania: Jaivas. J itamke kama kh ya neno kheri, na v karibu na b. Irabu za Kihispania ni a, e, i, o, u kama zetu, kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuimba nao sawasawa baada ya kusikia mara mbili, kitu ambacho roki ya Kiingereza haikupi kwa urahisi.

Mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973 yaliwafanya wavuke mpaka kwenda Argentina, na mwaka 1977 wakahamia Ufaransa, wakaishi pamoja na familia zao Châtenay-Malabry, karibu na Paris. Albamu yao kubwa kuliko zote kuhusu milima ya Andes, basi, ilitengenezwa mbali kabisa na milima hiyo. Wanaoona ajabu wafikirie nyimbo za ziwani zinazotungwa Dar es Salaam na watu ambao hawajaona dagaa wakianikwa kwa miaka kumi. Aliye mbali husimulia kwa uangalifu zaidi, na uangalifu huo ndio unaosikika hapa.

Maneno ya Alturas yote ni ya Neruda, kutoka shairi lake refu la sehemu 12 lililomo kwenye kitabu chake cha mwaka 1950. Neruda alikuwa amefika kwenye magofu ya mji huo wa Wainka mwaka 1943. Bendi haikuliimba shairi lote. Imechota sehemu, na imechota kwa akili, ikifuata mwendo wa mtu anayetangatanga, anayepanda, anayefika, kisha anayewauliza waliojenga mawe yale wako wapi. Ukijua hayo tu, bila neno moja la Kihispania, unaweza kuifuata albamu.

Del aire al aire ni mlango. Dakika 2 na kidogo za ala za kupuliza na sintesaiza, bila haraka. Kaa hapo, usiruke. Kinachofanyika ni kukuzoesha na sauti mbili zitakazoshindana na kupatana mpaka mwisho: pumzi ya mtu kwenye tete, na umeme kwenye Minimoog, aina ya sintesaiza. Bendi nyingi zilizojaribu kuchanganya asili na roki huiweka filimbi kama pambo juu ya gitaa. Hapa filimbi ndiyo inayoingia kwanza, na umeme ni mgeni anayekaribishwa.

La poderosa muerte ndiyo sababu ya kununua albamu. Dakika 11. Inaanza kwa kunong'ona, na Gato anaingia bila kuinua sauti, akiimba juu ya kifo chenye nguvu kilichomwalika mara nyingi, kama chumvi isiyoonekana ndani ya mawimbi. Kwa mtu wa Ziwa Victoria mfano huo unataka kusimama kidogo, maana maji yetu hayana chumvi. Fikiria Bahari ya Pasifiki, inayopiga pwani yote ya Chile. Baada ya hapo wimbo haufuati njia ya ubeti na kiitikio. Unapanda ngazi. Kila ngazi ina mwendo wake, na mada iliyopigwa na piano mwanzoni hurudi baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine, mara kwa filimbi, mara kwa gitaa la umeme. Hiyo ndiyo maana ya neno kisimfoni: wazo moja dogo linakuzwa, linageuzwa na kurudishwa, kwa dakika nyingi, bila kuvunjika. Kuwa na violini si lazima.

Aliyekulia muziki wa dansi atakuwa na faida hapa. Anajua wimbo unaoanza taratibu kwa uimbaji kisha ukafunguka kuwa sebene. La poderosa muerte inafunguka namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara inajifunga tena. Kosa la kawaida ni kudhani wimbo umekwisha pale unaposhuka, ukabonyeza mbele. Subiri. Mji unatajwa kwa jina, Macchu Picchu, na maneno yanayofuata huuita mama wa jiwe, povu la kondori, yule ndege mkubwa wa Andes. Mkazi wa Mwanza, mwenye mawe yaliyopandana mbele ya macho yake tangu asubuhi, kutoka Mwamba wa Bismarck hadi juu Bugando, hahitaji kufafanuliwa jinsi jiwe linavyoweza kuitwa mama.

Pa kupotea ni kwenye mapigo. Sehemu nyingi za haraka za albamu hii ziko kwenye sita, na ukizihesabu kwa nne kama bongo fleva zitakuchanganya na utaona kama drams zinakosea. Hesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita. Kanyaga mguu kwenye 1 na 4. Halafu, bila kuacha mguu, piga makofi kwenye 1, 3 na 5. Mguu unakwenda wawili, mkono unakwenda watatu, na vyote viko sahihi. Huo ndio moyo wa cueca, ngoma ya taifa ya Chile, na ndicho Gabriel Parra alichokihamishia kwenye drams za roki. Aliyewahi kusimama karibu na wapigaji kwenye mashindano ya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, pale Bujora ameshazoea mwili kuvutwa pande mbili kwa pamoja. Atafika kwa Gabriel haraka kuliko msikilizaji wa roki wa Ulaya.

Amor americano inafuata, nyepesi, yenye furaha ya mwendo, dakika 5 na nusu. Ni wimbo mzuri, lakini kwa kuwekwa baada ya ule mkubwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwenye sahani ya santuri ndio unaofunga upande wa kwanza, na kule kugeuza sahani kunakupa pumziko ambalo faili halikupi. Ukisikiliza kwa simu, simamisha dakika moja hapo. Si mapambo, sehemu ya pili inaanza polepole na masikio yaliyochoka huikosea.

Águila sideral ni mahali ambapo wengi hukata tamaa, na hapa wanaikosea. Sehemu hii ya shairi ni majina tu ya sifa, moja baada ya jingine, bila kitenzi: tai wa nyota, mzabibu wa ukungu, ngome iliyopotea. Aliyewahi kumsikia mghani wa enanga upande wa Bukoba akimtaja shujaa kwa majina kumi kabla ya kusema alifanya nini, anaujua ufundi huo. Muziki unafanya vilevile. Hauendi popote kwa makusudi. Unasimama na kutaja. Lakini nakubali kwamba uchanganyaji wa sauti wa mwaka 1981 haukuutendea haki: mwimbaji amezama kwenye mwangwi, na kwenye spika ndogo hugeuka wingu. Visikizio vinausaidia sana wimbo huu.

Antigua América inarudisha kasi, na humo Claudio na Eduardo wanakimbizana kwenye vinanda kwa ustadi ambao unastahili kusikilizwa peke yake, ukifuatilia mkono mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sube a nacer conmigo hermano ndiyo inayojulikana zaidi, na ni rahisi kuona kwa nini. Maana yake ni panda uzaliwe pamoja nami, ndugu. Neno hermano, h haitamkwi, lina uzito uleule wa ndugu yetu: la damu na la kiraia kwa pamoja. Kama una mtu unayetaka kumvuta kwenye muziki huu na hana dakika 37, mpe huu, dakika 4 na sekunde 47, kisha mwambie wimbo umetoka albamu gani. Final inafunga kwa ufupi. Ningependa iwe ndefu mara mbili.

Mwaka huohuo wa 1981 kilitengenezwa kipindi cha televisheni wakiwa kwenye magofu yenyewe, na mtangazaji alikuwa mwandishi wa Peru Mario Vargas Llosa. Piano kubwa imesimama katikati ya mawe, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Kitazame baada ya kuisikiliza albamu, si kabla, maana picha zile ni nzuri kiasi kwamba masikio husahau kazi yake. Faida yake kubwa ni kuona nani anapuliza nini.

Na hizo ala zinafaa kujulikana, kwa sababu bila hivyo kila kitu kitakuwa filimbi tu. Zampoña ni matete ya urefu tofauti yaliyofungwa pamoja, kila tete noti moja, halina tundu la kidole. Kwa asili yake imegawanywa safu mbili: ira, ambayo kwa kawaida ina matete 6, na arka yenye 7. Noti zimepishana, moja huku, moja kule, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kumaliza wimbo; wawili hupeana. Buganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, wapigaji wa amadinda hufanya jambo la ukoo huo kwenye vibao 12: mmoja anapiga, mwenzake anajaza katikati, na wimbo anaousikia msikilizaji hakuna aliyeupiga peke yake. Quena ni filimbi ya wima yenye mkato mdomoni, matundu 6 mbele na 1 nyuma. Sauti yake ni ya mtu mmoja, yenye upweke. Charango ni gitaa dogo la nyuzi 10 zilizopangwa jozi 5, zamani likitengenezwa kwa gamba la mnyama wa huko anayekumbusha kakakuona. Kwenye spika mbovu charango hugeuka mchakacho wa bati. Ukiisikia hivyo, punguza treble kidogo tu. Trutruca ni ya Wamapuche wa kusini mwa Chile: bomba la mwanzi la mita 2 na zaidi, limefungwa utumbo wa farasi, mwishoni pembe ya ng'ombe. Baragumu kwa kila hali. Ikilia, inafunika wote, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukishaizoea Alturas, usiende mbele. Rudi nyuma mpaka mwaka 1975, kwenye albamu iliyotolewa Argentina kwa jina la bendi yenyewe, Los Jaivas, ila kila mtu huiita El Indio. Hii ni chafu zaidi, kwa maana nzuri ya neno. Gitaa la Gato lina umeme mwingi, nyimbo zinapumua, na hakuna shairi la mtu mkubwa la kuheshimiwa. La conquistada ni mojawapo ya nyimbo nzuri kabisa walizowahi kurekodi, ya polepole, na solo ya gitaa isiyo na noti ya ziada. Tarka y ocarina inayofunga albamu ni ndefu, inaanza kwa ala za kupuliza kisha inageuka dansi ya kweli. Wapo wanaoiweka El Indio juu ya Alturas. Hoja yao ina nguvu: kama unataka bendi inayopiga pamoja chumbani, kwa jasho, ni hii. Alturas ni jengo; El Indio ni uwanja wa ngoma. Angalizo moja la kununua: albamu yao ya kwanza ya 1971 nayo inaitwa Los Jaivas, na hujulikana kama El Volantín. Ukiagiza kwa jina la bendi tu unaweza kuletewa hiyo, na ni kitu tofauti kabisa, ya kubuni papo hapo, isiyo na nyimbo nyingi za kushika. Angalia mwaka, au hakikisha La conquistada imo kwenye orodha.

La Ventana, ya kabla ya mapinduzi, ndiyo yenye Todos juntos, wimbo uliowafanya wajulikane nchi nzima, na Mira niñita, ambao bado ni mlango mzuri kwa asiyependa nyimbo ndefu za dakika 11. Albamu yenyewe haijashikamana. Chukua hizo mbili, nyingine zisubiri.

Canción del Sur ya 1977 ni nzuri asubuhi. Nyepesi, yenye hewa, na kipande cha ala tupu kinachoitwa Danzas kinafaa kumwonyesha anayedhani roki ni makelele. Aconcagua ya 1982 imebeba jina la mlima wa mita 6,961, mrefu kuliko wote Amerika na hata Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,000, lakini albamu yenyewe haipandi hivyo. Ni mkusanyiko wa nyimbo fupi za furaha. Corre que te pillo, ya ala tupu, ndiyo inayobaki kichwani.

Kisha Obras de Violeta Parra, 1984, albamu ya sahani mbili. Violeta Parra, aliyefariki 1967, alikuwa mwimbaji na mkusanyaji mkuu wa nyimbo za asili za Chile. Hana undugu na akina Parra wa bendi. Los Jaivas wamezichukua nyimbo alizoimba kwa gitaa moja na kuzipa umbo la kisimfoni. Hii ni albamu ya mtu aliyekwisha kuiva kwenye muziki wao. El gavilán ni ndefu, kali, imejaa noti zinazosuguana kwa makusudi, na ukiianza siku ya kwanza itakufukuza. Anza na Arauco tiene una pena na Run Run se fue pa'l norte, wiki moja, kisha uingie El gavilán ukiwa umekaa peke yako. Kosa la wanaoinunua ni kuipiga yote kwa mkupuo. Gawa: sahani moja leo, nyingine kesho. Kwa anayesafiri na meli kwenda Nansio, saa 3 hivi za maji zinatosha El Indio, Alturas na kubaki na muda, lakini si mahali pa albamu hii. Mngurumo wa injini unakaa palepale bombo na besi zinapokaa, na visikizio visivyoziba masikio vitakuachia nusu ya muziki tu.

Gabriel alifariki kwa ajali ya gari nchini Peru mwezi Aprili 1988, na baadaye binti yake Juanita akakaa kwenye drams zake. Gato alifariki Januari 2003. Kati ya hapo kuna Hijos de la Tierra ya 1995, inayosikilizika, na Mamalluca ya 1999, ambapo bendi inapiga na okestra kamili. Wengi huinunua Mamalluca mapema kwa kuwa neno simfoni limekaa wazi hapo. Mimi ningeiacha ya mwisho. Okestra inafanya kazi ambayo piano ya Claudio na tete la Gato walikuwa wakiifanya vizuri zaidi wakiwa wachache, na kwenye visanduku vya inchi 3 zile violini nyingi zinakuwa kitu kimoja chembamba. Ukiwa nayo tayari, ipige kwenye visikizio, sauti ya wastani, na uanzie sehemu zenye kwaya.